Haki Haiishi kwa Maneno: Michezo ya Wanawake na Hali ya Magereza

Ndugu wanachama wengi hushangaa wanaposikia michezo ya wanawake ikitajwa pamoja na hali ya magereza. Huuliza: mambo haya yanahusiana wapi? Moja linahusu furaha na afya, jingine linahusu adhabu. Moja liko wizara hii, jingine liko wizara ile. Katika makala haya tutaeleza kwamba, kwa mtazamo wa itikadi, mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Yote mawili yanatufundisha jinsi sera nzuri inavyoweza kubaki karatasi kwa sababu haikupewa vitu viwili: muda na nafasi.

MISINGI YA SUALA HILI

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya 1967, na Sheria ya Magereza, Namba 34 ya 1967. Kwa hiyo taifa letu changa, katika mwaka uleule lilipojitangazia siasa yake, lilijiwekea pia utaratibu wa kuukuza mwili wa raia aliye huru na utaratibu wa kumtunza raia aliyenyimwa uhuru.

Katiba ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa haki za binadamu mwaka 1984, imelitilia nguvu jambo hilo. Ibara ya 12 inasema kwamba watu wote ni sawa na kila mmoja anastahili kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Ibara hizo hazikumtoa mwanamke, wala hazikumtoa mfungwa.

Kwa maneno basi, tumekwisha kusema tunayopaswa kusema. Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Haki ni kitu kinachohitaji masaa, uwanja, godoro, maji na fedha. Mtu akiambiwa ana haki ya kucheza, lakini hana saa moja ya kucheza, haki hiyo ni ya nani? Na mahabusu akiambiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, lakini analala ubavu kwa sababu hakuna mahali pa kulalia chali, maneno hayo yana maana gani kwake usiku ule?

MICHEZO YA WANAWAKE NI SUALA LA MUDA

Katika kitabu chake cha Ujamaa Vijijini cha mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikiri wazi kwamba katika jamii yetu ya jadi wanawake walifanya kazi kupita fungu lao. Huo ndio msingi wa kuelewa suala la michezo ya wanawake. Mwanamke wa kijijini huamka kabla ya jua. Kuna maji, kuna kuni, kuna shamba, kuna watoto, kuna chakula cha mchana na cha usiku. Jioni, mwanamume anapokwenda uwanjani au barazani, mwanamke ndipo anapoingia zamu yake ya pili. Wa mjini naye akitoka kazini au sokoni hukuta kazi nyingine inamngoja nyumbani.

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe. Katika chuo kimoja tulichopata kufundisha, ratiba ilionyesha kuwa kila siku saa 10:30 jioni ni michezo kwa washiriki wote. Wanaume walikwenda kucheza mpira. Wanawake walipangiwa kusaidia jikoni, na wale waliokuja na watoto wachanga walikuwa bwenini wakifua. Mwisho wa kozi, sisi wakufunzi tuliandika katika taarifa kwamba washiriki wa kike hawana mwamko wa michezo. Taarifa iliposomwa, ndugu mmoja wa kike alisimama akasema: “Ndugu Mkufunzi, mwamko tunao. Saa ndiyo hatuna.” Hatukuwa na jibu. Katika kozi iliyofuata zamu ya jikoni ilipangwa kwa wote, wanaume na wanawake. Haikupita muda mrefu, timu ya netiboli ikapatikana bila mhadhara wowote juu ya mwamko.

Fundisho hilo linathibitishwa na historia ya michezo nchini. Mwaka 1965, katika michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki. Kwa hiyo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru haikuwa kweli kwamba mwanamke wa Tanzania hawezi. Tujiulize sasa: kwa miaka mingi iliyofuata, michezo ya wanawake iliendelea kuishi wapi? Iliishi zaidi katika shule, katika majeshi na katika mashirika na ofisi za umma. Timu za netiboli za JKT, Magereza na Uhamiaji, na mashindano ya wizara na idara za serikali, hazikutokana na bahati. Askari wa kike na mtumishi wa kike walipata kitu ambacho mwanamke wa kijijini hakupata: muda wa mazoezi unaotambuliwa na mwajiri, na mshahara ambao haukatwi kwa sababu yuko uwanjani.

Shule nazo zinatufundisha upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisitishwa kwa muda. Uamuzi ule uliwagusa wavulana na wasichana, lakini haukuwagusa sawa. Mvulana alitoka shule akaenda kucheza mtaani kwa mpira wa makaratasi, wala hakuna aliyemuuliza. Msichana akitoka shule hurudi nyumbani, na nyumbani kuna kazi. Kwa msichana, saa ya michezo ya shule ndiyo saa pekee ya mchana ambayo mtu mwingine hana amri ya kuichukua. Ukiifuta, umefuta yote.

Muda na nafasi vilipotolewa, matunda yalionekana. Twiga Stars walishiriki fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika Kusini. Ligi Kuu ya Wanawake ilianzishwa mwaka 2016. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda India katika Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa na kufika robo fainali. Mwaka 2025 Twiga Stars walirudi tena katika fainali za Afrika, safari hii Morocco. Wapo wanaosema kuwa hayo yameletwa na vipaji. Vipaji vilikuwapo tangu Brazzaville. Kilichoongezeka ni ligi, makocha, posho na saa za mazoezi.

HALI YA MAGEREZA NI SUALA LA NAFASI

Tulitaja timu ya netiboli ya Magereza. Askari wa kike wa jeshi hilo anapotoka mazoezini huvaa sare na kurudi zamu, na huenda zamu yake ni kuwalinda wanawake wenzake walio nyuma ya ukuta. Je, na hao wana saa yao?

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa ziliwekwa kwanza Geneva mwaka 1955, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 23 inataka kila mfungwa ambaye hafanyi kazi za nje apate walau saa moja kwa siku ya mazoezi mahali pa wazi, hali ya hewa ikiruhusu. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010 zikaongeza mahitaji ya wanawake: usafi wa mwili, taulo za kike, matibabu, na malezi ya watoto wanaoingia gerezani na mama zao bila kosa lolote.

Wanawake ni sehemu ndogo sana ya wafungwa wote. Lipo gereza la wanawake kama lile la Kingolwira, Morogoro, lakini mara nyingi mwanamke huwekwa katika sehemu iliyotengwa ndani ya gereza lililojengwa kwa fikra ya mfungwa mwanamume. Uwanja, karakana na shamba vilipangwa kwa wengi, na yeye si katika wengi hao. Dhuluma tuliyoiona nje kuhusu muda humfuata ndani, ila huko imekuwa dhuluma ya nafasi.

Tatizo la msongamano ni la wote, wanaume kwa wanawake. Magereza mengi tuliyarithi kwa mkoloni, aliyeyajenga ili kutisha. Kwa miaka mingi uwezo wa magereza yetu ulikuwa chini kidogo ya watu 30,000, nao waliomo katika miaka ya 2000 walipita 40,000. Wengi kati yao walikuwa mahabusu, watu ambao Katiba inasema wasitendewe kama wakosaji. Msongamano ndio mama wa maovu mengine yote. Chumba kikijaa, kifua kikuu huenea, maji hayatoshi, choo hakitoshi, na hata askari mwenye moyo mwema hugeuka kuwa mtu wa kuhesabu watu tu.

Tarehe 9 Desemba 2019, akiwa Mwanza, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Lilikuwa jambo la utu na lilipunguza mzigo. Lakini msamaha ni kutoa maji katika mtumbwi. Tundu lazima lizibwe. Vya kuzibia tunavyo: Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo inamwezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu akisafisha zahanati au kupanda miti huku akilala kwake. Kila mtu anayefungwa miezi mitatu kwa kukosa faini ndogo, wakati sheria hiyo ipo, analala katika nafasi ya mwingine.

Wapo ndugu wanaosema, “Gereza si hoteli.” Tunawajibu hivi: mahakama humhukumu mtu kupoteza uhuru wake. Haimhukumu kupata upele, wala kuugua kifua, wala haimhukumu mtoto wake mchanga kitu chochote. Anayeongeza adhabu ambayo hakimu hakuitamka, hata kama ni kwa uzembe tu, amejifanya mahakama. Tena wafungwa hutoka na kurudi vijijini kwetu. Tutakavyowatunza ndivyo tutakavyowapokea.

WAJIBU WA KADA

Kada asiridhike na swali la “Je, sera ipo?” Sera ipo. Aulize maswali matatu yanayopimika. Kwanza, katika kijiji au mtaa wake, mwanamke anapata saa ngapi kwa wiki ambazo ni zake, na nani anashika kazi zake saa hizo? Pili, uwanja wa shule ya hapo uko wapi, na wasichana wanautumia siku gani? Kama umemegwa ukawa vibanda, aliyeidhinisha ni nani? Tatu, katika gereza la wilaya yake, ni mahabusu wangapi wanaosubiri upelelezi, tangu lini, na ni wangapi wangestahili kutumikia huduma kwa jamii?

Maswali haya yapelekwe katika vikao vya tawi na kata, na kwa madiwani na wabunge wakati wa kupanga bajeti, maana bajeti ndiyo mahali ambapo itikadi hugeuka kuwa uwanja, maji na magodoro. Na sisi wakufunzi tuanze na ratiba zetu wenyewe. Chuo kinachofundisha usawa asubuhi na kuwapeleka wanawake jikoni jioni kimekwisha kufundisha somo lake, nalo si lile lililoandikwa ubaoni.