Kikombe cha "Kuoza"? Ziwani Hakiozi, Msee!

Umemaliza juice Homa Bay, kikombe kimeandikwa kinaoza, ukakirusha ziwani bila stress. Zii, umechezwa.

Vikombe vingi vya aina hiyo ni PLA. Bakteria hupewa sukari ya mahindi ama miwa, kama ile imejaa Awendo kule Migori. Wanaigeuza asidi ya laktiki, ile ile hufanya maziwa ikuwe mala. Asidi ikiunganishwa mnyororo mrefu, hiyo ndio plastiki.

Shida? Kuoza haraka inataka unyevu na joto ya karibu digrii 60. Maji ya Ziwa Victoria haifiki hata nusu ya hiyo. Kikombe kitakaa tu hapo na omena.

Kwa kiwanda, form ni tofauti. PLA ikipikwa na maji moto, mnyororo unakatika, asidi inarudi. Unaweza itengeneza PLA mpya, ama ulishe bakteria kama Cupriavidus necator. Huyo hujiwekea akiba ya PHB mwilini, vile wewe huweka kitambi. PHB pia ni plastiki, na vijidudu vya udongo huimanga.

Lakini kemia haiwezi fuata kikombe ziwani. Kirudishe kwa pipa, buda.