Vioo Viwili, Picha Moja: Somo la Bonde la Huisne

Kila mtu aliyejaribu kupiga picha ya mashamba na vilima anaijua taabu hii. Macho yake yaliona mawingu mazuri yamejipanga juu ya bonde, lakini katika picha mbingu imetoka nyeupe tupu, kama karatasi isiyoandikwa neno. Au kinyume chake: mawingu yametokea vema, na nchi chini yake imekuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Sababu ni nini? Ni kwamba mbingu ina mwanga mwingi kupita ardhi. Jicho la mtu hujirekebisha upesi likipanda kutoka majanini hadi mawinguni. Chombo cha kupigia picha hupokea vyote kwa kipimo kimoja.

Taabu hiyo haikuanza leo. Mwaka 1858 kijana Mfaransa, jina lake Camille Silvy, aliishinda kwa namna ambayo wapiga picha wangali wanaisoma. Hakuwa na chombo cha ajabu. Aliunganisha kazi nne katika picha moja, kila kazi ikisaidia pale ambapo nyingine imeshindwa. Tuzitazame moja moja.

Kazi ya kwanza: kuchagua na kupanga

Silvy alizaliwa mwaka 1834 huko Nogent-le-Rotrou, mji mdogo ulio kusini-magharibi ya Paris. Hapo hupita mto Huisne. Alisimama darajani, akaelekeza chombo chake juu ya maji yaliyotulia, miti ikiwa imesimama kando zote mbili. Watu wanaoonekana katika picha hawakupita kwa bahati, aliwapanga. Upande wa kushoto, penye bustani ya mwenye mali, wamo watu waliovaa vizuri, karibu na mashua. Upande wa kulia, penye majani ya watu wote, wamo watu wa kazi wakipumzika. Mto mmoja, na maisha ya namna mbili. Hivyo mtazamaji hapewi miti na maji tu, bali anapewa pia jambo la kufikiri.

Kazi ya pili: kioo cha nchi

Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo. Mwingereza Frederick Scott Archer alikuwa ametangaza njia hiyo mwaka 1851. Mpiga picha alikimiminia kioo maji mazito yanayonata, yaitwayo kolodioni, akakitumbukiza katika dawa ya madini ya fedha, akakitia katika chombo kikingali kibichi. Baada ya kupiga picha ilimpasa kukiosha kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Dakika chache zikipita, kazi imeharibika! Kwa hiyo aliyekwenda shambani alichukua chumba chake cha giza pamoja naye.

Kioo hicho huitwa negativu, kwa maana mambo yote yamegeuzwa: penye mwanga ni peusi, na penye giza ni peupe. Dawa yake ilikuwa na tabia moja ya shida. Iliupokea upesi mno mwanga wa buluu, lakini kijani iliipokea polepole. Mpiga picha akingoja mpaka miti itokee, mbingu imekwisha kuungua.

Kazi ya tatu: kioo cha mbingu

Basi Silvy alitumia kioo cha pili kwa ajili ya mawingu peke yake. Kisha, juu ya karatasi iliyopakwa ute mweupe wa yai na chumvi ya fedha, alichapa nchi kutoka kioo kimoja na mbingu kutoka kingine. Sehemu moja ikichapwa, ya pili hufunikwa.

Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mfaransa mwenzake, Gustave Le Gray, alikuwa amepata sifa kwa picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, ambazo nyingine ziliunganishwa kwa vioo viwili. Lakini angalieni tofauti. Baharini maji na mbingu hukutana katika mstari ulionyoka, na kiungo hujificha kwa urahisi. Shambani sivyo. Huko matawi na majani huingia ndani ya mbingu, na hakuna mkasi unaoweza kuyafuata yote.

Kazi ya nne: mkono

Hapo ndipo mkono ulipohitajika. Mahali pale vioo viwili vilipokutana, Silvy alichora majani kwa burashi ili kufunika kiungo. Tena wakati wa kuchapa aliziacha kingo za picha zipigwe na mwanga muda mrefu zaidi, zikawa nyeusi kidogo, na jicho la mtazamaji likavutwa kuelekea katikati, penye maji yanayong'aa.

Picha hiyo ilionyeshwa Edinburgh mwaka 1858, na Paris mwaka 1859. Baadaye Silvy alihamia London, akawa mpiga picha wa watu wakubwa mpaka alipofunga kazi yake mwaka 1868. Alifariki mwaka 1910. Leo nakala moja imo katika jumba la Victoria and Albert huko London, na nyingine katika jumba la Getty huko Marekani.

Je, huo si uongo?

Swali hili ni la haki, nalo ni la zamani. Mwaka ule ule wa 1858 Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha vioo vitano kuonyesha msichana anayekaribia kufa, na jamaa zake kando yake. Kumbe msichana yule hakuwa mgonjwa. Watazamaji wengine walichukizwa, kwa maana walizoea kuamini kwamba picha husema yaliyotokea.

Jibu linategemea picha imeahidi nini. Silvy alitaka kuonyesha uzuri wa bonde kama mtu aliyesimama pale angeuona, mbingu pamoja na nchi. Ahadi hiyo aliitimiza. Lakini mtu anayepiga picha ya mafuriko, ya ajali au ya mkutano, akawapa watu kama habari, ameahidi ushahidi. Huyo hana ruhusa ya kuongeza hata wingu moja, wala kuondoa hata mtu mmoja. Siku hizi picha husambazwa kwa simu kwa nukta chache, na tofauti hii ni kubwa kuliko wakati wa Silvy.

Jaribuni ninyi wenyewe

Simu nyingi za leo hufanya kazi ya vioo viwili bila kutuambia: hupiga picha kadhaa mfululizo, nyingine zenye mwanga kidogo na nyingine zenye mwanga mwingi, kisha huziunganisha. Walakini mashine haichagui mahali, wala haipangi watu.

Kwanza, ngojeni asubuhi au jioni, wakati mwanga wa mbingu na wa nchi umekaribiana. Pili, iwekeni simu juu ya jiwe au kisiki ili isitikisike. Tatu, pigeni picha moja kwa kipimo cha mawingu, na nyingine kwa kipimo cha shamba. Nne, mkiziunganisha, kagueni vivuli: jua likiwa kushoto katika miti, lisiwe kulia katika mawingu. Na pakiwa na maji, lazima maji yaakisi mbingu ile ile iliyo juu yake.

Mwishoni, mtu akiwauliza picha imefanywaje, mwambieni waziwazi. Kiungo kizuri hufichwa katika picha, lakini hakifichwi mdomoni.