Uhuru Usiotegemea Hisani

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliamua kupunguza mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipate pumzi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikakabiliwa na tishio la kupoteza msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria ya Marekani kuhusu bidhaa za Afrika. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda, iliyopandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, haikutetereka. Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa katika msamaha huo.

Tumezoea kuihurumia Rwanda. Mimi nazitazama zile tatu. Hazikuadhibiwa, wala hakuna aliyezigusa. Je, zilikuwa huru?

Mwanafalsafa Philip Pettit, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu falsafa ya kijamhuri, angejibu hapana. Yeye na mwanahistoria Quentin Skinner wamefufua hoja ya Warumi wa kale: mtumwa wa bwana mpole ni mtumwa vilevile. Hata asipochapwa kamwe, husema na kutenda akimchungulia bwana usoni. Kinachomnyima uhuru si fimbo. Ni mamlaka ya bwana kuitumia apendapo, bila kuulizwa na yeyote. Baadaye Pettit aliipeleka hoja hiyo kwenye uhusiano wa mataifa.

Mtu atasema AGOA ni hisani, na mtoaji ana haki ya kuiondoa. Ni kweli, na tatizo liko hapo hapo. Sheria hiyo ya mwaka 2000 ilimpa rais wa Marekani uwezo wa kuamua nani anastahili. Hisani ikishajengewa viwanda na ajira, aliyeitoa ndiye aliyeshika mpini, hata akinyamaza.

Sisemi kuzuia mitumba ilikuwa sera njema. Familia nyingi zinaishi kwa biashara ya masoko ya Gikomba jijini Nairobi na Karume jijini Dar es Salaam. Lakini uamuzi huo ulipaswa kuwa wa wananchi na mabunge yao.

Dawa si kuacha biashara. Ni kanuni zinazombana hata mkubwa, na wanyonge kusimama pamoja. Kanuni zimedhoofika: tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani hakina wajumbe wa kutosha, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi. Kusimama pamoja kumo mikononi mwetu. Uamuzi wa 2016 ulikuwa wa pamoja, lakini tishio lilipokuja kila nchi ilijiokoa kivyake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iweke sasa utaratibu wa kujibu vitisho vya namna hiyo kwa sauti moja, kabla ya kutangaza sera nyingine.