Mbwa wa Shamba Hulelewa Angali Mdogo

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za mbwa, kwa sababu wanachama kadha wamekuwa wakiuliza namna ya kupata mbwa wa kulinda shamba asiyekuwa mkorofi. Nimekubali, si kwa kuwa mimi ni fundi wa mbwa, bali kwa kuwa mimi ndiye mwenye mbwa aliyemuuma mtoto msimu uliopita. Habari ile wengi wenu mliisikia, na iliyowafikia si yote iliyotokea.

Mbwa yule nilimpata akiwa na miezi 6. Nikamfunga mnyororo chini ya mfenesi, karibu na sakafu ya kuanikia, mchana kutwa, na usiku nikimfungulia. Akibweka nilimpiga, akiwabwekea wageni nilimsifu, nikidhani kuwa hivyo ndivyo mbwa anavyofundishwa ukali juu ya wezi wa karafuu. Siku ya tatu ya uchumaji, mtoto wa miaka 8, aliyefuatana na mama yake kuokota karafuu zilizoanguka, alipita karibu naye kufuata kikapu, na mbwa akamshika mguu.

Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, mtoto akapelekwa hospitali, akadungwa sindano ya kwanza siku ile ile na nyingine zikafuata. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini wachumaji wote walishuka mitini, na kwa siku 4 hapakuwa na mtu aliyekubali kutia mguu katika shamba langu. Kila mwanachama anajua maana ya siku 4 wakati karafuu zimekwisha kuiva: zilichanua juu ya mti, na karafuu iliyochanua haina thamani mbele ya mnunuzi. Sikuweza kumlaumu mtu. Nilikwenda kwa baba wa mtoto kuomba radhi, akanipokea kwa adabu, akanipa kahawa, na hakusema neno jingine juu ya jambo lile, na hilo liliniuma kuliko kama angalinitukana.

Mbwa aliwekwa peke yake siku 10 akiangaliwa, kama inavyotakiwa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa na woga tu, na woga ule niliutia mimi.

Najua wako watakaosema kwamba heri kutofuga mbwa kabisa. Masheikh wetu wametusomesha kuwa hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda kilimo. Na katika madhehebu ya Shafi, chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Basi sharti mbwa awe na banda lake nje, chombo chake, na mpaka wake. Kwetu sisi jambo la mpaka ni kubwa zaidi, kwani karafuu mbichi iliyo juu ya jamvi ina unyevu, na hakuna anayetaka mbwa apite juu yake. Nitalirudia hapo mbele.

Nilipoanza kutafuta mbwa mwingine, jamaa mmoja aliyeko Uingereza aliniletea picha za mbwa mwenye manyoya ya kusokotana kama ya kondoo, akaniambia mbwa hawa huitwa doodle, huuzwa kwa fedha nyingi, na huzaliwa wapole. Nikaisoma asili yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Victoria katika Australia, Bwana Wally Conron wa chama cha mbwa waongozao vipofu aliombwa mbwa na bibi mmoja kipofu wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa akidhuriwa na manyoya ya mbwa. Alikwisha jaribu mbwa wengi wa namna ya poodle, hawakufaa kwa kazi. Ndipo akampandisha poodle kwa Labrador, wakazaliwa watoto 3. Mmoja tu kati yao ndiye aliyemfaa yule bwana, na jina lake lilikuwa Sultan (jina la ajabu kumpa mbwa, lakini Australia ni mbali). Watu waliokuwa wakingoja mbwa hawakumtaka mbwa wa mchanganyiko mpaka alipompa jina la labradoodle. Baada ya hapo kila mtu akamtaka. Bwana Conron mwenyewe alikuja kusema hadharani kuwa anajuta, kwa sababu watu walianza kuwazalisha mbwa ovyo kwa ajili ya fedha.

Nililolishika katika kisa hicho ni kuwa watoto wale 3 walikuwa wa baba mmoja na mama mmoja, na bado hawakulingana. Damu ina sehemu yake, na kwa hiyo ukienda kuchukua mtoto wa mbwa mtazame mama yake kwanza: akiwa mama anajificha au anang'ata, tafuta mahali pengine. Lakini damu haitoshi.

Wako mabwana wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, wakilea mbwa wa namna 5, miongoni mwao basenji, ambaye asili yake ni Kongo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Waliona kuwa mtoto wa mbwa ana muda wake wa kujifunza nani ni rafiki, na muda huo huanza kama wiki ya 3 na kufifia kama wiki ya 12. Wenzao wa huko huko waliwahi kuwaacha watoto wa mbwa katika uwanja uliozungushwa ua mrefu, wakila na kunywa bila ya kumwona mtu, mpaka wiki ya 14. Walipotolewa walikuwa kama wanyama wa mwituni, na kuwazoesha watu ikawa kazi ngumu. Mbwa wangu wa kwanza nilimpata kwa miezi 6. Hesabu ni nyepesi.

Huyu wa sasa nilimchukua akiwa na wiki 8. Kabla ya hapo haifai kumtenga na mama yake, maana mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kuwa ukiuma kwa nguvu mchezo unakwisha. Mwezi wa kwanza nilimfanyia kazi moja kubwa, kumwonyesha dunia. Kila siku aliona kitu kipya: mtu mwenye kofia, mwanamke mwenye buibui, mzee mwenye mkongojo, baiskeli, pikipiki, ngazi ya kuchumia inayoburutwa, kikapu kinachoshuka kwa kamba kutoka mtini. Kila alipokitazama kitu bila ya kukimbia, alipata kipande cha dagaa. Alipoogopa sikumlazimisha, nilirudi nyuma hatua chache mpaka akatulia. Watoto waliruhusiwa kumwita, yeye ndiye aende kwao, wao wasimfuate.

Wengi hulalamika kuwa kijibwa huuma vidole na kanzu. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, na meno ya utoto huanza kung'oka kama mwezi wa 4. Mpe kamba ya makumbi atafune, na akiuma mkono, nyamaza na uondoke. Aghalabu kijibwa mkorofi ni kijibwa aliyechoka. Umri ule hulala saa 18 na zaidi kwa siku, na asipoachwa alale huwa kama mtoto aliyekosa usingizi. Kumpiga kunamfundisha kuogopa mkono tu.

Kuna jambo moja ambalo nalitia mkazo, maana ndilo lililonigharimu. Mbwa akinguruma, usimwadhibu. Kunguruma ni kusema, "Niache, naogopa." Mimi nilimpiga yule wa kwanza kila aliponguruma, akajifunza kunyamaza, na siku aliyomuuma mtoto hakutoa sauti yo yote. Mbwa akinguruma mwondoe mahali pale, kisha utafute kinachomwogofya.

Wakati wa kula nilikuwa nikipita karibu na chombo chake na kutupia kitu kitamu zaidi ya kile alicho nacho. Sasa akimwona mtu anakaribia, huinua kichwa na kutikisa mkia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali na kumdhuru tumboni.

Na sasa mpaka wa majamvi. Miezi miwili kabla ya msimu nilitandika jamvi kuukuu uani, nikamzungushia kamba chini. Kila alipotaka kukanyaga nilisimama mbele yake bila ya kusema, na alipokaa nje ya kamba alipata dagaa. Ilichukua wiki 3, dakika chache asubuhi na jioni. Kisha nikaondoa kamba. Mke wangu hakuamini, akamwagia mabaki ya samaki katikati ya jamvi kumjaribu. Mara ya kwanza mbwa alishindwa, nikaanza tena. Mara ya pili alilala pembeni akitoa udenda, lakini hakukanyaga.

Mnyororo nimeuacha. Mchana yuko ndani ya ua wa miti wenye kivuli, usiku analala penye njia ya kuingilia shambani. Hubweka mtu mgeni akija, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwizi wa karafuu huogopa kelele kuliko meno.

Chanjo ya kichaa hupigwa kuanzia umri wa miezi 3, na dawa ya minyoo kabla ya hapo. Ofisi ya mifugo itakueleza. Hapa Pemba ugonjwa ule ulikoma mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na ukakoma tena mwaka 2018 kwa sababu mbwa walichanjwa. Mwanachama mwenye mbwa asiyechanjwa asimlete katika shamba lenye wachumaji.

Msimu huu wachumaji wangu wamerudi, ila wawili. Mama wa yule mtoto amerudi pia, na mbwa humjua na kumpisha. Mtoto mwenyewe bado hapiti uani. Huzunguka kwa njia ya chini, kando ya bonde, na kikapu chake huachwa hapo mpaka akakichukue.