Mti wa kushikilia shimo ulianza kama bomba la maji

Sisi wachimbaji tunaamini miti kila siku: ndiyo inashikilia udongo juu ya vichwa vyetu. Lakini wachache kati yetu wanajua namna mti unajengwa ndani, na kwa kutojua, watu wanabaki chini.

Tuangalie kalitusi, mti wenye ulitoka Australia na leo uko kwa vilima vingi vya Mahagi. Ukitoa ganda la mti mubichi, utagusa utelezi. Pale kuko safu nyembamba yenye uhai. Kwa shule wanaiita kambiumu. Hiyo ndiyo inazaa njia zote. Upande wa nje inazaa floemu, ya kushusha sukari kutoka majani mpaka mizizi. Upande wa ndani inazaa zilemu, ya kupandisha maji na chumvi za udongo.

Bomba la maji linakomaa kwa kufa. Seli changa inarefuka, inajenga ukuta mgumu wa lignini, kisha inakufa na tumbo lake linabaki tupu. Moja juu ya ingine, maji yanapita. Hakuna pompi: majani yakikaushwa na jua, yanavuta maji kutoka chini. Zile kuta ngumu ndizo tunaita mbao.

Mti ukiendelea kunenepa, mabomba ya katikati yanazibwa, hayapitishi maji tena. Yanakuwa moyo wa mti, wenye rangi ya kuiva, na hauozi haraka. Mbao ya nje bado iko na maji na chakula; kuvu na wadudu wanaipenda. Sasa, kalitusi ya miaka miwili au mitatu ni karibu yote mbao ya nje. Kwa shimo lenye unyevu, inaoza mbio.

Ndiyo maana sisi wa sindika tunaambia wenye mashimo: mti mchanga ni bei chini, lakini deni lake linalipwa na mtoto wa mtu. Mbele ya kununua, tuangalie pale ulipokatwa kama moyo ni mkubwa. Tutoe ganda, tuanike mti ukauke. Na ile ya zamani tuipige kwa nyundo kila asubuhi. Wenye kulia bubu, tuubadilishe mbele watu washuke.

Na nyinyi mama na vijana wenye kupanda: musitoe ganda kuzunguka mti wote. Sukari haitashuka tena, mizizi itakufa njaa, na mti pia. Muuache ukomae.