Kasri la Unguja: Makao ya Masultani Yalivyogeuka Makavazi

Kila tunapozungumzia majengo ya zamani ya Thika na Ruiru, swali hurudi lile lile: nyumba hugeukaje kuwa makavazi? Mfano mzuri uko Unguja.

Ufuoni mwa Mji Mkongwe lipo jumba jeupe lililokuwa likiitwa Beit al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Lilianzia enzi za Sultani Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga majumba hayo ya kifalme kwa muda usiofika saa moja, kwa kuwa Khalid bin Barghash alijitwalia kiti bila idhini yao. Baada ya jumba hilo kujengwa upya, masultani waliendelea kulitumia hadi Mapinduzi ya Januari 1964, Jamshid bin Abdullah alipokimbia.

Serikali mpya haikulibomoa. Ililiita Jumba la Wananchi na kufanyia shughuli zake humo, na samani nyingi zikabaki. Ndiyo maana lilipofanywa makavazi mwaka 1994, palikuwa na vitu vya kuonyesha. Kipo chumba cha Binti Salme, aliyezaliwa 1844, akahamia Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Lipo pia kabati la fomaika la Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Mimi ningekwenda kwa ajili ya kabati hilo tu: sultani mzima, na fomaika kama ya jikoni kwetu!

Jirani yake, Beit al-Ajaib la mwaka 1883, halikusalimika. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 likiwa linakarabatiwa, na watu wawili wakafa.

Huku kwetu, Jedwali la Nne la Katiba linataja makavazi miongoni mwa majukumu ya kaunti. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 nayo inaruhusu jengo kulindwa kupitia tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ila tangazo halirudishi daftari la mishahara ya shamba la kahawa lililochomwa, wala mashine ya mkonge iliyouzwa kama chuma chakavu. Ikiwa mzazi au babu yako alifanya kazi katika mashamba hayo na bado una picha, vitambulisho au vifaa vyake, usivitupe kabla ya kuvionyesha kwa maafisa wa utamaduni wa kaunti.