Nyumba Salama na Uchungaji wa Wanaokimbia Kipigo

Katika miaka ya karibuni neno "nyumba salama" limeingia katika mazungumzo ya sharika zetu, mara nyingi pasipo maelezo ya kutosha. Wako wanaolidhani kuwa jina jingine la hosteli, wako wanaolichanganya na kituo cha yatima, na wako wachungaji wanaosema waziwazi kwamba hapo ni mahali pa kuvunjia ndoa. Makala haya yanakusudia kueleza nyumba hiyo ni kitu gani, inafanya kazi kwa namna gani, na kwa nini haiwezi kuachwa nje ya mafundisho yetu ya uchungaji.

Nyumba salama ni makao ya muda ambamo mwanamke anayepigwa au kutishiwa uhai nyumbani kwake hupokelewa pamoja na watoto wake, mahali ambapo mumewe hapajui au hawezi kupaingia. Katika nyakati zetu iliyopata kujulikana mapema ni ile iliyofunguliwa na Erin Pizzey huko Chiswick, London, mwaka 1971, ambayo baada ya muda mfupi ilifurika akina mama na watoto kupita nafasi iliyokuwapo. Lakini isidhaniwe kwamba wazo la makimbilio limetujia kwa meli. Mwanamke aliyepigwa alirudi kwao, na mume alipomfuata hakukutana na mkewe tu, bali na baba mkwe, wajomba na madai ya faini. Kwa Wachagga mkosaji alitanguliza jani la isale kuomba radhi, na jambo likawa la ukoo mzima, si la chumbani.

Utaratibu ule haukuwa mkamilifu. Ng'ombe wa mahari wakisha kuliwa, ni rahisi binti kuambiwa avumilie. Hata hivyo ulikuwa na mlango. Leo mwanamke anayeishi Mbagala huenda wazazi wake walikwisha kufariki, na nyumba yao iliyoko Rombo au Karagwe imerithiwa na kaka, ambaye mkewe huhesabu sahani kila mgeni anapoingia. Mlango wa zamani umefungwa nusu, na wenye kupigwa hawajapungua kwa sababu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupata ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Hao wamo katika kwaya zetu.

Kwa sasa anayebishiwa hodi ni mchungaji. Nyumba ya mchungaji ndiyo makimbilio ya usiku katika sharika nyingi, na tunawashukuru wake wa wachungaji ambao hubeba mzigo huo bila kuandikwa katika taarifa yoyote ya mwaka. Lakini nyumba hiyo haifai kwa zaidi ya usiku mmoja. Mume anajua ilipo. Uvumi huanza kabla ya jua kuchomoza. Tena mchungaji huyohuyo ndiye atakayetakiwa kesho kukaa kama mpatanishi, naye hawezi kuwa mlinzi wa mmoja na mwamuzi wa wawili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nyumba salama haina budi kuwa mbali na usharika wa mhusika. Katika dayosisi yenye majimbo kadhaa, jimbo moja laweza kupokea watu wa jimbo jingine.

Kazi ya ndani ya nyumba hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mama anahitaji matibabu, na fomu ya PF3 kutoka polisi ili majeraha yake yaandikwe na daktari. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hushughulikia mashauri ya namna hii, na afisa ustawi wa jamii hana budi kujulishwa mapema, hasa watoto wanapohusika. Usharika unaoficha watoto bila kumwarifu hujitia matatani na kuwatia matatani waliokusudiwa kusaidiwa. Watoto watafutiwe shule. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na kadi za kliniki, ni vitu ambavyo mwanamke anayetoroka usiku mara nyingi huviacha nyuma, na kukosekana kwake humchelewesha kwa miezi. Yako pia mambo ambayo vitabu havisemi. Wakulima hawaondoki wakati wa mavuno, kwa kuwa anayeondoka anaacha jasho la mwaka mzima. Na mama mwenye kijana wa miaka 14 atakataa kuja ikiwa nyumba haipokei wavulana wakubwa, maana hawezi kumwacha kijana huyo abaki kuzuia ngumi za baba yake.

Jambo moja litiliwe mkazo kwa wanafunzi wetu. Wakati wa hatari kuu si ule wa kukaa, bali ule wa kuondoka. Mume anayeona kwamba mamlaka yake yanaponyoka ndiye anayeweza kuua. Kwa hiyo mchungaji anayemwambia mwanamke "basi ondoka" bila kujua anakokwenda hajamsaidia, na anayempigia mume simu "ili tuzungumze kama Wakristo" amefanya vibaya zaidi.

Sasa tuje kwenye Maandiko, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Wahubiri hupenda kuitaja miji ya makimbilio ya Hesabu 35 na Yoshua 20. Tunashauri itumiwe kwa uangalifu. Miji ile sita, kuanzia Kedeshi hadi Golani, iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia, si kwa ajili ya aliyedhulumiwa, na mwanamke anayesikia mfano huo aweza kudhani kwamba kanisa linamhesabu kuwa mkosaji. Andiko lililo karibu zaidi ni Kumbukumbu la Torati 23:15-16, linalokataza mtumwa aliyetoroka kurudishwa kwa bwana wake, na kuagiza akae mahali atakapopachagua mwenyewe, wala asionewe. Mke si mtumwa, na hilo ndilo linaloipa hoja nguvu: ikiwa mtumwa hakupaswa kurudishwa kwa nguvu, sembuse aliyeapiwa upendo madhabahuni?

Wengine watajibu kwa Hajiri, kwamba malaika alimwambia arudi kwa Sarai na kunyenyekea (Mwanzo 16:9). Hatuwezi kulikwepa andiko hili. Lakini tulisome lote. Neno la Kiebrania linaloeleza alivyotendewa Hajiri katika mstari wa 6 ndilo linalotumika katika Kutoka 1 kueleza mateso ya Israeli chini ya Wamisri, na neno la kukimbia kwake ndilo linalotumika Israeli walipokimbia kutoka Misri. Mwandishi hamwoni kuwa mke mkaidi. Malaika pia haanzi na amri, anaanza na swali: umetoka wapi, nawe unakwenda wapi? Kurudi kuliambatana na ahadi ambayo Mungu peke yake aliweza kuitimiza, na hakuna mchungaji aliyepewa mamlaka ya kuitoa. Tena katika sura ya 21 Hajiri haambiwi arudi. Anaonyeshwa kisima.

Malaki 2:16 nao ni mstari unaokatwa vipande. Husomwa kwamba Bwana anachukia kuachana, na hapo mahubiri yakaishia, ilhali mstari uleule unamtaja kwa chuki hiyohiyo mtu ajifunikaye udhalimu kama vazi.

Kwa sisi Walutheri hoja yenyewe iko katika Katekisimu. Luther, katika kueleza amri ya tano, hakuridhika na kukataza kuua. Katika Katekisimu Kubwa anafundisha kwamba amri hiyo inavunjwa pia na yule awezaye kumkinga na kumwokoa jirani asipatwe na madhara ya mwili, asifanye hivyo. Kwa kipimo hicho, swali la baraza la wazee si kama usharika unaruhusiwa kumpokea mwanamke aliyekimbia, bali ni amri ipi tunayoivunja tunapomfungia mlango. Yeye mwenyewe hakuwa mgeni wa jambo hili. Usiku wa kuamkia Pasaka mwaka 1523 watawa wa kike 12 walitoroshwa kutoka Nimbschen na Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau, na 9 kati yao wakafika Wittenberg. Hawakuwa wakikimbia waume, na hatudai kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Lakini sheria iliwahatarisha waliowasaidia, na bado Luther alitangaza jambo hilo kwa chapa ili lisionekane la siri, kisha akahangaika kuwatafutia nyumba na riziki. Mmoja wao, Katharina von Bora, alikuja kuwa mke wake mwaka 1525.

Kuhusu sheria ya nchi, tusiseme zaidi ya inavyotakiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Ukatili, wa mwili au wa akili, unatajwa humo pia miongoni mwa mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yakiwamo ya kidini, yana nafasi yake kisheria. Lakini kumkalisha mwanamke mwenye mkono uliovunjika katika kiti kilicho karibu na aliyeuvunja si usuluhishi. Kila mmoja asikilizwe peke yake. Na ikiwa mpigaji ni mzee wa kanisa, au ni mmoja wetu wenye kola, utaratibu uwe uleule.

Hatusemi kwamba hakuna kurudi. Wako wanaorudi, wengine mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja, na nyumba salama isiwafungie mlango kwa sababu hiyo. Toba ya mume ipimwe kwa muda na kwa matendo: ameacha pombe, amekubali mbele ya watu alichokitenda, ametoa matunzo ya watoto bila kudai kuambiwa waliko? Machozi ya Jumapili moja hayatoshi.

Limebaki jambo dogo la utaratibu ambalo limewaumiza wengi. Mwanamke aliyefichwa katika jimbo jingine hawezi kuomba barua ya uhamisho kutoka usharika wake, maana barua hiyo ingetaja anakokwenda, na ofisi za sharika zina masikio mengi. Matokeo yake anakaa miezi bila Meza ya Bwana, na mtoto aliyezaliwa humo hukaa bila kubatizwa. Mkuu wa jimbo aweza kumthibitisha kwa maneno mbele ya mchungaji mwenyeji, pasipo barua, na jina lake lisiandikwe katika kitabu kinachoachwa wazi juu ya meza.